Goti Ambalo Halikuumia

Bel-Air,
Port-au-Prince, Haiti.
Jumatatu, 26 Februari 1934.

Kwa Mérisier Placide,
kupitia kwa shemeji Caridad,
Camagüey, Kuba.

Mpendwa mdogo wangu Mérisier,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Caridad na binti yenu Altagracia. Kile kikohozi cha Novemba kimekwisha? Na Altagracia, meno yake ya mbele yameshaota? Huku hatujambo. Mama amepona homa na amerudi Léogâne, ambako anamwambia kila apitaye kwamba kahawa ya mjini ni maji ya kuoshea vikombe. Mke wangu Ismène ni mzima. Mimi mguu unaniuma nikipanda mlima kurudi nyumbani, basi.

Nimekusalimu kama Mama alivyotufundisha. Sasa nikwambie kilichonikalisha mezani. Nimekukasirikia, Mérisier. Nimengoja siku tisa kabla ya kushika kalamu, maana siku ya kwanza ningeandika matusi matupu, na siku ya tano bado nusu yake yangekuwa matusi.

Ile barua uliyompa Exumé aje nayo kutoka Kuba, nimeisoma. Haikuwa yangu, najua. Ilikuwa ya mpwa wetu Fénelon, na ndani yake ulimwambia wazi asinionyeshe. Nimeisoma mara nne.

Nakueleza mambo yalivyokwenda, kwa tarehe zake, ili usije ukasema hukujua.

Unajua kwamba timu yetu na ya Kuba zilipangwa kucheza mechi tatu za mchujo hapa mjini, mshindi aende Meksiko, na atakayepita huko aendelee na safari ya kutafuta Kombe la Dunia kule Italia. Unajua pia kwamba Fénelon, mtoto wa dada yetu Oralie, kijana wa kwanza wa mtaa wetu kuitwa timu ya taifa, alichaguliwa winga wa kushoto. Hilo nilikuandikia mwenyewe Desemba. Laiti ningenyamaza.

Jumapili tarehe 28 Januari hawakumpanga. Tulifungwa matatu kwa moja. Alhamisi tarehe 1 Februari walimpanga, akavaa vile viatu ulivyomletea kutoka Camagüey, vyenye kamba nyeupe. Beki wao wa kulia alimaliza mechi ameshika kiuno. Bao letu lilitokana na krosi ya Fénelon, tukatoka sare ya moja kwa moja. Man Zélie muuza samaki alikuwa nyuma yangu, na kipindi chote cha pili sikusikia sauti nyingine ila yake. "Mpeni mtoto wa Oralie mpira! Nyie wengine mnakimbia kama mmechelewa misa!" Winga wa kulia alipopoteza mpira, Man Zélie alimwuliza kama amekuja uwanjani kutafuta mchumba.

Hesabu ilikuwa rahisi. Tungeshinda Jumapili, tungelingana nao pointi. Mtaa mzima ulikuwa unapiga hesabu hiyo, mpaka wanawake kisimani.

Ijumaa tarehe 2 Exumé akafika. Alikuwa ameichukua barua yako katikati ya Januari, akasimama Santiago kunywa, akasimama tena kwa sababu ya mwanamke, akaja kuitoa siku mbili kabla ya mechi ya mwisho. Alimpa Fénelon mkononi, akamwonyesha jino lake jipya la dhahabu, akaenda zake.

Jumapili saa nane mchana nilikuwa mlangoni pa chumba cha wachezaji, nikiandika majina. Kocha akaniambia, "Mpwa wako hachezi. Goti."

Nilimkuta Fénelon kwenye benchi. "Goti lipi?" nikamwuliza.

Alifikiri. Akagusa la kulia. "Hili, mjomba."

Kisha akainuka kwenda kukaa jukwaani, na alipokuwa akipanda ngazi alikuwa akichechemea kwa mguu wa kushoto.

Tulifungwa sita bila. Sitakuambia kwamba Fénelon angezuia sita. Winga hazuii mabao, na Wakuba siku hiyo walikuwa bora kuliko sisi kila mahali. Pengine pamoja naye tungefungwa manne kwa mawili. Lakini angefungwa akiwa ndani ya uwanja, na viatu vyake miguuni, kama wenzake kumi. Hiyo ilikuwa haki yake. Ulimnyang'anya.

Na mimi ulininyang'anya changu. Miaka ishirini na miwili nimeandika gazetini. Nimeandika mafuriko, uchaguzi, kesi za mauaji, na sijawahi kuandika jambo ambalo macho yangu yamelikataa. Jumatatu tarehe 5 niliandika kwamba Fénelon Joassaint hakucheza kwa sababu ya jeraha la goti. Sikuandika la upande gani. Huo ndio ukweli wote niliobakiwa nao.

Basi ikaja Mardi Gras, kilele cha karnivali. Unawajua vijana wa Bel-Air, hawasubiri kuambiwa. Walikuja na vaksini zao, yale mabaragumu ya mianzi, na ngoma mpaka mlangoni kwa Oralie, wakasimama pale wakiimba:

"Fénelon, goti lipi?
La kulia, la kushoto?
Goti lilipanda meli,
limekwenda Kuba!"

Hujakaa Kuba mpaka ukasahau desturi. Ukiimbiwa mlangoni, unatoka, unacheza pamoja nao, unawamiminia kleren kidogo, ile pombe kali ya miwa, na wimbo unafia hapo hapo. Ukijificha, wimbo unakaa nawe mwaka mzima. Sasa fikiri. Akitoka na kucheza, mtaa wote utaona magoti mawili mazima yakikunjika na kukunjuka. Asipotoka, wimbo unaishi. Hakutoka. Oralie ndiye aliyesimama kizingitini na kuwapa kleren, nao wakamshukuru kwa heshima zote, wakapiga magoti wote kwa pamoja, wakaenda wakicheka. Mpaka leo akienda kununua uji wa akasan, muuzaji anamwuliza, "Goti linaendeleaje, senyor?" Anamwita senyor, kama Mkuba.

Jumamosi tarehe 17 Oralie alichukua vile viatu avipake mafuta. Akakuta karatasi imekunjwa ndani ya kiatu cha kushoto. Hajui kusoma, ila mwandiko wako anaujua, akaniletea ofisini akiwa bado na mafuta mikononi. Nikamsomea. Uliandika kwamba msimamizi wenu, Don Evaristo, aliwaambia kwenye mizani ya miwa: Wahaiti wakitufunga, orodha ya watu wa kurudishwa kwao itaanza na nyinyi. Uliandika, "Mimi nina mke na mtoto hapa. Mwanangu, usicheze. Mimi ni mjomba wako."

"Soma tena hapo mwisho," Oralie akasema.

Nikasoma tena.

"Ndugu yako huyo."

"Na wako pia," nikamwambia.

"Leo ni wako peke yako."

Mérisier, sikucheki kwa kuogopa. Najua wanachowafanyia watu wetu huko. Nimewaona wakishushwa hapa na nguo walizovaa tu, wengine wana wake huko ambao hawakuwaaga. Ningekuwa wewe, nikiwa na Altagracia pembeni, ningeogopa hata kivuli cha farasi wa Don Evaristo. Lakini woga wako ungenipa mimi nikusaidie kuubeba. Mimi ni mkubwa wako. Wewe ulikwenda kuutwika kijana wa miaka ishirini, ukatumia neno ambalo ulijua hawezi kulikataa. Kwetu mjomba akisema, imekwisha. Ulijua.

Sasa sikiliza sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo iliyonikasirisha kuliko zote.

Jumatano tarehe 21 meli iliingia na watu mia tatu na kumi na wawili kutoka Kuba. Nilikwenda gatini kuandika habari. Ndani yake alikuwamo Dorcély, ambaye amekata miwa shamba moja na wewe misimu mitatu. Nikamwuliza Don Evaristo alisemaje kuhusu ule mpira.

"Mpira gani?"

"Wa miguu. Haiti na Kuba."

Alicheka mpaka akakohoa. "Bwana we! Yule ni mtu wa besiboli. Mpira wa miguu anasema ni mchezo wa watu waliokatwa mikono."

"Lakini aliwatisha kwenye mizani."

"Alitutisha, ndiyo. Alisikia karani akisoma gazeti, akapata la kututania. Kesho yake alisema atakayepiga mluzi atapanda meli. Keshokutwa ikawa atakayevaa kofia nyekundu. Mérisier naye anachukua kila kitu moyoni, unamjua."

"Na mechi zilipokwisha, alisemaje?"

"Hajui kama zilichezwa."

Nikamwuliza kuhusu orodha. Akaniambia hapakuwa na orodha. Askari walikuja asubuhi na malori, na kila Mhaiti aliyekutwa barabarani akapakiwa, aliye na deni na asiye na deni, aliye na mke na asiye na mke. Nikamwuliza wewe ulikuwa wapi.

"Kwa mkewe. Juu ya paa, anaezeka. Lilikuwa linavuja."

Umeelewa, Mérisier? Umeokolewa na paa bovu. Goti la Fénelon halikukuzuilia chochote. Timu ingeshinda sita bila, ingefungwa sita bila, malori yangekuja asubuhi ile ile, na wewe ungekuwa juu ya paa lile lile na misumari mdomoni.

Nilikuwa nimeshaandika maneno ya Dorcély kwenye daftari nilipomwona Fénelon. Alikuwa nyuma ya kamba, kati ya watu waliokuja kutafuta ndugu zao. Kumbe yeye huenda gatini kila meli ikiingia, na mimi sikujua. Alimtazama kila mtu aliyeshuka, mia tatu na kumi na wawili, mpaka wa mwisho. Kisha akanijia mbio, kwa magoti yote mawili.

"Hayumo, mjomba! Hayumo!"

Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka tangu ile sare. Akanishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, kama anayetoa siri, kwamba anavumilia wimbo, na senyor, na yote, kwa sababu goti limefanya kazi. Nikalitia daftari mfukoni.

Klabu yake inaanza msimu Jumapili tarehe 11 Machi. Amewaambia hachezi. Wanadhani ni aibu ya wimbo. Sababu ameniambia mimi: anaamini siku atakayogusa mpira, ndiyo siku utakayopandishwa meli. Amevitundika viatu vyako ukutani juu ya kitanda cha mama yake.

Mimi sitamwambia aliyoyasema Dorcély. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kumwuliza kama amekula. Nimewahi kumwambia mama mmoja, mbele ya mlango wake, kwamba mwanawe amefia gerezani, na sauti yangu haikutetemeka. Hili limenishinda, na nakukasirikia kwa hilo pia.

Kwa hiyo utamwandikia wewe. Usimpe Exumé. Tia posta. Mwambie ya besiboli, mwambie ya paa, mwambie mjomba wake aliogopa akakosea. Au kama huna moyo wa kuyaandika hayo yote, mwandikie neno moja: cheza. Neno la mjomba lilimfunga, la mjomba ndilo litakalomfungua, na mimi nimemtamkia langu akaniambia kwa adabu kwamba si mimi niliyeko Kuba.

Wasomaji wangu nao wanangoja sahihisho, ingawa hawajui. Nimeshaliandika. Ni mistari miwili: "Tarehe 5 Februari tuliarifu kwamba F. Joassaint hakucheza kwa sababu ya jeraha la goti. Hakuwa na jeraha." Baada ya hapo lazima ifuate sababu, na sababu siwezi kuichapa kabla Fénelon hajaisikia kutoka kwako. Karatasi iko kwenye saraka. Sentensi ya tatu ni yako.

Wamarekani wanaotutawala wanasema wataondoka mwaka huu, na safari hii inaelekea ni kweli. Mbuzi wa Mama kazaa pacha. Habari nyingine sina.

Nisalimie shemeji Caridad, mwambie hasira yangu haimhusu. Mbusu Altagracia kwa niaba ya shangazi yake Oralie, ambaye anasema salamu zako atazitoa atakapotulia. Ismène anakusalimu. Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na ukimwandikia usimwambie. Man Zélie anauliza kama huko mnapata samaki wa maana.

Mungu akutazame huko uliko, akufunike wewe na wako, na akupe kalamu mkononi wiki hii hii.

Mimi kaka yako, nikupendaye hata leo,

Rosemond Placide

N.B. Dorcély anasema askari wanapita barabarani tu, mashambani kwa watu hawaingii. Usitoke nje ya ua. Kama paa limekwisha, libomoe uanze upya.