Baba Mkubwa Machage Hajafa

Kewanja,
S.L.P. Tarime,
9 Julai, 1956.

Mpendwa mdogo wangu Waitara,

Pokea salamu zetu. U mzima? Mkeo na mtoto hawajambo? Sisi tu wazima, na mtama umekubali mwaka huu. Sasa adabu nimeimaliza, nisikilize.

Baba mkubwa Machage yu hai! Ni kweli jirani yetu Nashoni alipokuja huko Tanga alimwacha hoi, hasemi, hali. Lakini alipona. Wewe hukungoja hata barua. Mtoto alipozaliwa ukampa jina lake, kisha ukatuandikia kwa furaha kwamba umemrithisha jina la marehemu.

Barua hiyo niliisoma mimi, kwa sauti, nyumba nzima imekusanyika, na huyo marehemu wako amekaa mbele yangu anakunywa uji. Nilitamani ardhi inimeze.

Huko kwenye mkonge umesahau kila kitu? Kwetu mtoto hupewa jina la mzee pale mzee mwenyewe akishazikwa, ili lisipotee. Hata yeye alilipata kwa babu yake aliyefungua boma hili. Ukilitoa angali anapumua, umemchimbia kaburi.

Tangu siku hiyo ukimwita haitiki. Anasema, "Machage yuko Tanga, ananyonya. Mimi mlishanizika."

Wiki iliyopita wakwe wa Wegesa walikuja kutoka Gorong'a na ng'ombe wa mahari. Tangu baba afariki, wa kuwapokea ni baba mkubwa peke yake. Akawaambia pale mlangoni, "Mtu aliyekufa hapokei ng'ombe." Wakageuza na ng'ombe wao. Wamesema watangoja mwezi mmoja tu, halafu watatafuta kwingine. Wegesa analia mpaka leo. Nimekasirika, Waitara! Dada yetu atakosa mume kwa haraka yako.

Omba ruhusa kwa msimamizi wako, umlete mtoto. Mzee amchagulie jina lingine kwa kinywa chake, nawe umwombe radhi kwa magoti. Usijaribu kutuma blanketi wala sukari.

Mke wangu Teresia anakusalimu. Wegesa hakusalimu. Mungu awalinde njiani, kama mtakuja.

Usipokuja, nakwambia mapema. Teresia anajifungua mwezi ujao. Akizaa mtoto wa kiume, nitamwita Waitara.

Akupendaye hata hivyo,
Kaka yako Tomaso