Mashati ya Kiangazi ya Mheshimiwa

Jumapili, Februari 1998. Coon Rapids.

Jua limetoka leo, lakini ni jua la bure, la kutazama dirishani. Nilifungua mlango mara moja kuchukua gazeti, pua ikauma kwa baridi kabla sijainama. Nikafunga. Nyumba hii ni kubwa, leo nimo peke yangu, na bado naona kama haina hewa ya kunitosha.

Sina gari. Anayekaa huku bila gari atanielewa. Basi linapita barabara kuu asubuhi na jioni, siku za kazi tu, na kuifikia hiyo barabara ni kutembea kwenye theluji pembeni ya magari, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu angetembea.

Nimenasa. Ndilo neno nililokuwa nalitafuta tangu Alhamisi.

Niandike tangu mwanzo, huenda nikajielewa.

Ninaishi hapa kwa sababu ya mzee Wilfred. Ni Mwingereza, amevuka miaka themanini, na kwao alikuwa mbunge kwa zaidi ya miaka thelathini, katika lile bunge la London ambalo redio zetu hulitaja kama Baraza la Makabwela. Hakuwahi kuwa waziri. Alikaa viti vya nyuma, akazeeka pamoja na jimbo lake, mji wa machimbo ya makaa ya mawe huko kaskazini. Alipopata kiharusi, mtoto wake wa pekee, Janet, alimfuata akamleta Minnesota. Janet aliolewa huku, akaachika huku, na anafanya kazi hospitalini kwa zamu ndefu. Alihitaji mtu wa kukaa na baba yake.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Saint Paul na viza yangu inakaribia kwisha. Janet akanichukua. Wakili wake akaanza kunishughulikia makaratasi, na makaratasi hayo yanasema kwamba niko Marekani kwa sababu mzee huyu ananihitaji.

Bila mzee, hakuna makaratasi.

Siku ya kwanza nilimwita Mheshimiwa, kwa mazoea tu. Kwetu Tanzania mbunge ni Mheshimiwa hata akiwa amesinzia. Akauliza maana yake. Nilipomweleza alicheka mpaka ule upande wa uso uliopooza ukajaribu kucheka nao. Akasema bungeni kwao pia waliitana hivyo hivyo, hasa pale walipotaka kutukanana. Tangu hapo sikumwita jina jingine.

Bunge lile nimelijua kwa kumlisha uji. Kila asubuhi kijiko kikienda, hadithi inakuja. Kengele ya kura ikilia, wabunge wanatoka mbio, huyu baa, huyu maktaba, huyu chooni anafunga suruali, maana kule kura hupigwa kwa miguu: wa Ndiyo wanapita ukumbi huu, wa Siyo ukumbi ule, na wanahesabiwa mlangoni kama mbuzi. Mnadhimu wa chama anasimama pembeni akiwatazama usoni. Mara moja Mheshimiwa alipita upande ambao chama chake hakikuutaka, na rafiki yake waliyekuwa wakila naye hakumsemesha mpaka Pasaka.

Nilimuuliza kama aliwahi kututaja sisi. Nimekulia Muheza, na babu yangu alikata mkonge. Akafikiri. Akasema ndiyo, kabla ya Uhuru, aliwahi kuuliza swali juu ya vibarua wa mashamba ya mkonge Tanganyika.

"Waziri alijibuje?"

"Kwamba suala hilo linaangaliwa."

Tukatazamana.

"Samahani," akasema. Nikampa kijiko kingine.

Miaka yote hiyo alifanikiwa kupitisha sheria moja tu. Lori la makaa lilipita mjini kwake, bonge likaanguka, likamvunja bega binti wa shule. Akataka malori yafunikwe turubai. Basi, hilo tu. Mwaka wa kwanza muswada wake ulikufa. Mwaka wa pili ukafa tena, maana Ijumaa mchana, wakati wa miswada ya wabunge wasio na cheo, mtu mmoja akitamka "Napinga" inatosha. Ulikuja kupita baadaye sana. Aliyemkataza asikate tamaa ni Edna, wakala wake wa uchaguzi, ambaye alimgongea milango ya wapiga kura katika chaguzi zake zote. Mheshimiwa alipomtaja Edna alikaa vizuri kitini, kama mtu aliyesikia mwalimu anaingia darasani.

Wiki iliyopita simu ilitoka Uingereza. Edna amefariki.

Jumanne, mezani, wakati wa chakula cha jioni, Mheshimiwa aliweka kijiko chini. "Nataka kwenda kumzika Edna. Ni Jumamosi."

"Hapana, baba," Janet akasema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa bado amevaa nguo za kazi, macho mekundu. "Baridi hii, moyo wako, na ndege usiku kucha. Hapana."

"Janet, mimi si mgonjwa wa wodini kwako."

"Na mimi si mpiga kura wako." Sauti yake ikapanda. "Kila Jumamosi ya utoto wangu ulikuwa na watu wa jimbo lako, unasikiliza malalamiko ya mabomba yao na pensheni zao. Mimi nilikuona kwenye vipeperushi, baba. Sasa nimekupata, niko nawe, na bado unataka kwenda kwao."

Mzee akakigeuza kijiko chake mezani.

Ndipo Janet akanigeukia. "Mwambie, Rehema. Wewe unashinda naye. Mwambie hawezi."

Nilijua jibu lililotakiwa. Mtu aliyeshikiwa makaratasi hujifunza kulijua jibu kabla swali halijaisha.

"Anaweza," nikasema. "Akiwa na mtu wa kumshika. Daktari alisema hivyo mwezi uliopita, mimi nikiwepo."

Ningenyamaza hapo. Lakini mdomo uliendelea wenyewe.

"Mimi sikumzika baba yangu, Janet. Mwaka jana. Wakili aliniambia nikitoka sitaruhusiwa kurudi, nikabaki. Nyumbani walimweka siku tatu wakidhani nitatokea. Siku wanamzika mimi nilikuwa nasugua bafu la juu. Watu wakisema baba amezikwa, mimi nasikia tu kama habari. Kwangu bado hajazikwa."

Hakuna aliyekula tena. Janet aliondoka mezani bila kuchukua sahani yake. Nikalala nikiwa nimeshajifukuza kazi kichwani.

Asubuhi nilimkuta jikoni na kahawa iliyopoa. "Nimekata tiketi mbili, yake na yangu," akasema akitazama nje. "Kwanini hukuniambia juu ya baba yako?"

"Ulikuwa zamu," nikasema. Ni kweli. Alikuwa zamu wiki ile yote. Lakini pia niliogopa kwamba nikilia mbele yake ataona mimi ni mzigo, atafute mwingine.

Jumatano nikafunga sanduku la Mheshimiwa. Yeye amekaa kitandani akielekeza kwa fimbo. Suti nyeusi. Soksi nzito. Sweta mbili. Nilipotaka kufunga zipu akasema, "Weka na yale mashati ya mikono mifupi."

"Mheshimiwa, Uingereza ni baridi sasa."

"Uingereza kuna Julai pia."

Nikasimama na shati mkononi. Yale mashati alikuja nayo kutoka kwao, hajawahi kuyavaa huku. Nikamtazama, naye hakukwepa macho yangu.

"Nyumba yangu bado haijauzwa," akasema taratibu. "Mpwa wa Edna anakaa mlango wa pili. Nimeongea naye kwenye simu. Nataka kufia mahali ambapo mtu akinikuta barabarani ananilalamikia juu ya bomba lake." Akaiweka fimbo chini. "Najua ninachokuomba, Rehema. Nitakuandikia barua kwa mtu fulani. Nimewaandikia watu barua maisha yangu yote."

"Huku huna jimbo, Mheshimiwa."

Nilimwona alivyoumia, na nilitaka kuyarudisha maneno. Lakini yalikuwa kweli. Mbunge wa miaka yote ile, na ndani ya nyumba hii hata kufungua mlango wa gereji hawezi mpaka aombe. Kama mimi. Tulikuwa wafungwa wawili, kila mmoja ameshika funguo za mwenzake.

Ningeweza kumwambia Janet. Ngazi ni fupi. Ningeshuka tu, niseme, baba yako hana nia ya kurudi. Tiketi zingefutwa jioni ile ile. Angebaki kwenye kiti chake karibu na dirisha, mimi ningebaki na makaratasi yangu, na kila asubuhi ningemlisha uji mtu niliyemfungia.

Nikayakunja mashati. Nikayaweka chini kabisa, chini ya sweta.

Alhamisi Janet alituendesha mpaka uwanja wa ndege. Nilimsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu hadi mlango wa kupandia ndege. Amevaa tai. Watu walikuwa wanampisha bila kujua kwanini. Alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akaubana, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, "Asante sana, Mheshimiwa." Nadhani alikuwa ameyafanyia mazoezi. Mhudumu akamsukuma, Janet akafuata na mikoba, wakapotea kwenye kona.

Wanjiru ndiye aliyenirudisha. Ni Mkenya, tumesoma wote, sasa ni nesi na anakaa Richfield, karibu na uwanja. Kwenye gari nilimwambia yote. Alikaribia kupitiliza njia yetu ya kutokea barabara kuu.

"We Rehema, umejichimbia shimo yako mwenyewe! Mzee akikataa kurudi, hiyo case yako inaenda wapi? Ungeambia tu huyo Janet!"

"Halafu?"

"Halafu ungekuwa na papers! Hao wazee wanakufa, Rehema. Wewe bado uko."

Alipofika mlangoni kwa Janet akasema kwa upole, "Kuja ukae kwangu. Sina kazi kesho, naeza ku-drive nikuje nikuchukue."

Lakini siwezi kuiacha nyumba. Janet aliniomba niangalie mabomba. Baridi hii joto likizimika usiku mmoja tu maji yataganda ndani yake, nayo yatapasuka. Basi ndiyo kazi yangu siku hizi. Nalinda mabomba.

Tangu hapo nimekuwa nikizunguka vyumbani. Kitanda cha mzee nimekitandika, nikakitandua, nikakitandika tena. Nimejaribu kusali, nikajikuta nampangia Mungu maelezo ya kumpa wakili. Jana saa za mazishi nilikaa jikoni tu, nikajiambia sasa wanaingia kanisani, sasa wanaimba. Nilimlilia Edna, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Kisha nikajua simlilii Edna.

Asubuhi hii simu imelia. Janet.

Alisema kanisa lilijaa mpaka nje. Baba yake alisimama bila kushikwa, akaongea, ulimi ukajikwaa mara kadhaa na hakuna aliyejali. Baada ya hapo watu walipanga mstari kumsalimia. "Wananishika mkono mimi, Rehema. Wananisimulia baba yangu. Mama mmoja amenionyesha bega lake." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka akachoka.

Kisha akashusha sauti.

"Hataki kurudi. Anasema yuko nyumbani. Nimemwomba, nimemfokea. Rehema, ulijua?"

Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyenisikia siku ile ila yeye mzee, na mzee asingenisema. Ningesema hapana, Janet angenihurumia, tungekuwa wawili tuliodanganywa. Mtu anayehurumiwa hutafutiwa njia.

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Jumatano. Aliniomba, nikamsaidia."

Nilisikia gari likipita huko kwao. Nilisikia pia pumzi yake.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, asingekwenda."

Nikafikiri amekata simu.

"Na makaratasi yako? Uliyafikiria?"

"Niliyafikiria."

"Ukaamua nini?"

"Sikuamua kitu, Janet. Nilikunja nguo tu."

Akatoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kicheko. Akasema nimemuumiza. Akasema hajui kama ataweza kunitazama. Akasema pia kwamba hatampigia wakili mpaka arudi tukae mezani, mimi na yeye. Mwisho akauliza kama joto linafanya kazi. Nikamwambia linafanya kazi.

Sijutii. Lakini ninaogopa, tena sana, na kutokujuta hakujanipunguzia woga hata kidogo. Zamani nilidhani ukifanya jambo la haki kifua kinafunguka. Changu kimebana zaidi.

Je, nimefanya wema, au nimechoka tu kusubiri na nikatafuta mtu wa kunivunjia mlango?

Nimempigia Wanjiru. Kesho akitoka zamu atanipitia, twende Frogtown, kule Saint Paul. Kuna wakili Mhmong, wa wale wakimbizi waliotoka Laos, pale University Avenue, juu ya duka la mchele, ambaye watu wanasema husikiliza kwanza ndipo anataja bei. Huenda akaniambia hakuna njia. Basi na aniambie. Nataka nilisikie hilo nikiwa nimesimama mbele ya mtu, nimevaa koti na viatu, si hapa ndani, nimekaa nasikiliza mabomba.