Utani wa Afisa Masoko

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Foleni ya sukari asubuhi, kamati mchana. Sukari iliisha kabla sijafika dirishani. Kamati nimeifurahia kuliko sukari. Niandike hivyo hivyo, hakuna anayesoma hapa.

Tuko watatu. Mwenyekiti ni Ndugu Kimaro, kijana wa Machame, chuo kamaliza juzi juzi. Mama Komba, muuguzi mstaafu, Mngoni wa Songea. Na mimi, mwalimu mkuu mstaafu, Mnyamwezi niliyezeekea Magomeni. Tumeteuliwa kuchunguza lalamiko moja tu.

Mlalamikaji ni Bi. Mwanaidi, muuza dagaa. Alikuwa na meza yake sokoni, upande wa Gerezani, tangu zamani. Ofisi ya masoko ilipojenga vizimba vya saruji, wenye meza wote waliahidiwa nafasi. Wenzake wamepata. Yeye hakupata. Kizimba cha kona, pale pale ilipokuwa meza yake, amepewa Saidi Hamisi, mtu ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti pale. Mgawaji ni Afisa Masoko, Ndugu Mihayo. Mama huyu sasa anauza chini, juu ya gunia, jua linampiga na wapita njia wanamrushia vumbi. Ana wajukuu yatima nyumbani. Tukisema lalamiko halina msingi, ndiyo basi, hana pengine pa kwenda.

Ushahidi wake ni maneno. Kwenye msiba wa mzee mmoja wa Kizaramo, Mihayo alimwita Saidi mbele ya waombolezaji: "Mtumwa wangu, kizimba nimekupa mimi. Ukichelewesha chakula cha bwana wako nakunyang'anya." Saidi akajibu: "Nisamehe bwana wangu, si unakula kwangu kila Jumamosi?" Bi. Mwanaidi alikuwa upande wa wanawake, akasikia. Wengine pia wamesikia, wameapa.

Kimaro alipiga meza. Akasema huku ni kukiri rushwa mchana kweupe. Moyo ulinidunda kama wa mtoto siku ya matokeo.

Jumanne, 3 Agosti

Mihayo amehojiwa. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alipoingia alinisalimu kwa Kinyamwezi, akainama. Ilinipendeza. Sikupaswa kupendezwa.

Kimaro alimuuliza kama ana uhusiano wowote na Saidi. Akasema hana. Akaulizwa yale maneno ya msibani. Akacheka kidogo. "Ule ulikuwa utani, Ndugu Mwenyekiti. Mimi ni Mnyamwezi. Yule ni mtu wa pwani, mtani wangu."

Mimi nikamalizia: Mzaramo.

Kimaro hakuelewa. Kwao mtu akikuita mtumwa msibani mnapigana. Basi nikaeleza. Kueleza ndio ugonjwa wangu, na leo niliugua hasa. Nilianza na babu zetu walioshuka pwani na mizigo kichwani, wakagombana na Wazaramo, wakapatana, wakawa watani. Mtani akija msibani kwako anaweza kulala kwenye kitanda cha marehemu, kuficha sufuria la ubwabwa, kukuita mtumwa, kukudai mali ambayo hajawahi kukupa. Hukasiriki. Ukikasirika umeaibika wewe. Kazi yake ni kukutoa kwenye kilio. Nikaongeza, ili kijana aone upana wa jambo, kwamba si makabila tu yanayotaniana. Babu na mjukuu wanataniana. Mashemeji wanataniana. Mama Komba akaunga mkono, akasema Wangoni wana watani wengi hata msiba wao unashindwa kwisha.

Kimaro aliandika kila kitu. Mihayo akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante sana mzee wangu, umenisaidia."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, kifua mbele. Nimemsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Umemsaidia yeye," akasema. "Na yule wa kwenye gunia?"

Nimekasirika. Nafikiri nimekasirika kwa sababu ni swali zuri.

Jumatano, 4 Agosti

Mambo yamechacha.

Kimaro wa leo si wa juzi. Alikuja amechelewa, macho chini. Akasema suala la utani limemridhisha, tufunge Ijumaa. Nikamuuliza kwa nini ghafla. Akazungukazunguka, mwishowe akatoa: mkubwa mmoja alimpigia simu jana jioni. Mkubwa huyo hakutisha wala hakuagiza. Alisema tu, "Yule Mihayo ni kijana wetu."

Nieleze hapa, maana siku moja nitasahau jinsi mambo haya yanavyokwenda. Wakubwa hawaandiki. Hawasemi mpe fulani kazi, mwache fulani. Wanasema kijana wetu. Neno "wetu" ndilo amri. Anayelisikia anamaliza mwenyewe, kama mimi nilivyomaliza jana niliposema Mzaramo. Kesho ukimfuata mkubwa atakuambia, je, ni kosa kumwita kijana kijana?

Tunahubiri miiko ya uongozi kila Jumatatu. Mihayo ameipata kazi yake kwa mkubwa huyo, hilo sasa najua. Mkubwa amempa yeye ofisi, yeye amempa Saidi kizimba. Labda. Sina ushahidi. Na ushahidi uliokuwepo nimeuzima mimi, kwa mdomo wangu, kwa furaha.

Kimaro alisema, "Mzee, nina watoto wadogo." Sikumdharau. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea huruma mwenyewe.

Alhamisi, 5 Agosti

Siku kubwa. Naandika nusu kwa hofu nusu kwa kicheko.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikayakumbuka yale maneno ya msibani na kuyasema peke yangu mbele ya kioo. Mihayo: mtumwa wangu. Saidi: nisamehe bwana wangu.

Nikaweka wembe chini.

Bwana wangu! Tangu lini Mzaramo akaitwa mtumwa na Mnyamwezi, mbele ya watu, akajibu bwana wangu? Nimekaa nao umri wote. Ungemwita hivyo hata mgonjwa mahututi angeinuka kitandani akurudishie. Mtani haombi msamaha. Mtani anajibu. Usipojibu, utani haupo, kuna mtu mmoja anasema na mwingine anatii.

Sikunywa chai. Nilikwenda Gerezani na ndevu upande mmoja. Saidi hajaitwa mbele yetu, hanijui. Nikaenda mpaka kizimba cha kona, nikachukua nazi moja juu ya meza yake bila kuuliza bei.

"Wewe mtumwa wangu," nikamwambia, "nani kakuruhusu kuuza nazi za bwana wako?"

Akanikodolea macho. "Mzee, weka hiyo nazi."

"Siweki. Mali ya mtumwa ni mali ya bwana. Na kesho ulete na kuku."

Akaruka meza. Akanikaba ukosi wa shati. "Mzee mzima huna haya. Mgambo, njoo huku, kuna mwizi."

Watu wakajaa. Niseme kweli, niliogopa. Sokoni mwizi hana umri. Aliyeniokoa ni mzee wa kizimba cha pili, Mzee Pazi, Mzaramo wa Maneromango, anauza mihogo. Alisikia neno mtumwa kwa lafudhi yangu ya Kinyamwezi, akaja mbio huku anafunga msuli.

"Mwache huyo, mwache, ni mtumwa wangu huyo," alisema. "Nyie Wanyamwezi mtaacha lini wizi? Babu yako kaja hapa na mzigo kichwani, kaomba maji kwetu, tukampa kwenye kifuu. Kifuu hakijarudi mpaka leo."

"Tulikitupa," nikasema. "Kilinuka Uzaramo."

"Kingenuka nini, na wewe ndiye uliyekilamba?"

Soko zima likacheka. Hata mgambo. Ila mmoja. Saidi alisimama na nazi yake mkononi, anatutazama kama watu tunaosema Kigiriki. Nikapata jibu langu pale pale, ningeweza kucheza ngoma.

Nilimvuta Mzee Pazi pembeni. Nikamwambia huyu jirani yako ni Mzaramo wa ajabu, hajui kutukana. Akashangaa. "Huyu? Mzaramo wa wapi? Huyu wa Lindi. Kaja na kizimba chake mkononi, hatujui kapata vipi."

Bi. Mwanaidi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kwenye gunia lake. Aliona yote. Hakunisemesha, kamati na mlalamikaji hawazungumzi. Lakini alinipa dagaa kwa macho. Sijui kulieleza vizuri zaidi.

Najua nilichofanya si utaratibu. Nitakisema mwenyewe kesho, kabla hajakisema mtu mwingine.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeandika mara tatu na kufuta. Nimejawa na mengi.

Kimaro alikuja na uamuzi tayari. Lalamiko halina msingi, maneno yalikuwa utani wa jadi kama alivyofafanua Mzee Maganga. Jina langu, ndani ya uamuzi. Mihayo alikuwa ameketi mbele yetu, mguu juu ya mguu. Bi. Mwanaidi nyuma, mikono ndani ya khanga.

Niliomba swali moja. Kimaro alinitazama kwa muda. Nilidhani atakataa. Akasema, "Uliza, mzee."

Nikaeleza kwanza ya nazi, yote, hata ya ukosi. Mama Komba akaficha uso kwenye leso. Kisha nikamuuliza Mihayo, pole pole kama nilivyokuwa namuuliza mtoto aliyenakili jibu: Saidi ni mtu wa Lindi. Wanyamwezi na watu wa Lindi walitaniana lini?

Akateremsha mguu. Niliona akitafuta, nikajua anapotafuta, kwenye maneno yangu ya Jumanne. Akayapata. Uso ukamng'aa.

"Wazee wangu, hamkunielewa. Mimi sikusema utani wa kabila. Mzaramo kasema Mzee Maganga, sikusema mimi. Na mwenyewe alitufundisha hapa kwamba mashemeji nao ni watani. Basi ndiyo hivyo. Saidi ni shemeji yangu."

Aliendelea kutabasamu kidogo, anangoja nimshukuru. Kisha akasikia alichokisema. Nimefundisha maisha yangu yote, sijaona somo likimwingia mtu kwa namna ile.

"Shemeji kwa nani?" Mama Komba akauliza, sauti ya wodini.

"Dada yake. Mke wangu."

"Jumanne ulisema huna uhusiano naye."

"Niliulizwa kama nina undugu. Shemeji si ndugu."

"Uliulizwa uhusiano wowote," Kimaro akasema. Ni mara ya kwanza tangu simu ile kusikia sauti yake ya kweli.

"Na shemeji anayekulisha kila Jumamosi," Mama Komba akamalizia, "huyo si ndugu, huyo ni mama mzazi."

Bi. Mwanaidi hakucheka. Alikuwa anamtazama Kimaro peke yake. Ni sawa, maana kalamu ilikuwa mkononi mwa Kimaro. Tulijua sote nini kimetokea. Hatukujua kama kitaandikwa. Simu ilikuwa mezani, nyeusi, kimya, na kila mtu aliitazama angalau mara moja.

Kimaro akachana ule uamuzi. Akaanza mwingine, kwa mkono, mwandiko unaolala. Kizimba kirudishwe kwa Bi. Mwanaidi. Mgawaji alimgawia shemeji yake na kuificha kamati. Akasaini. Mama Komba akasaini. Mimi nilisaini nikachafua karatasi kwa wino.

Ngazini nilimpongeza. Akasema, "Mzee, usinipongeze, nitageuka." Akateremka haraka.

Nimemweleza mke wangu. Safari hii aliinua kichwa.

Jumamosi, 7 Agosti

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimetembelewa na Mzee Pazi, kaja Magomeni kudai kifuu. Amekula kwangu, amenitukana ukoo mzima, ameondoka na mwavuli wangu. Nitamfuata.

Jumatatu, 16 Agosti

Kizimba bado kina Saidi. Karatasi "iko juu". Nimekwenda ofisini, nimeambiwa nije kesho. Mihayo yuko kwenye kiti chake, kanisalimu kwa Kiswahili. Naogopa. Mama yuko kwenye gunia.

Jumatano, 18 Agosti

Imetoka. Saidi kaondoka asubuhi na mapema, bila kelele.

Na hili jingine. Mihayo kahamishwa. Kapelekwa makao makuu, cheo kimepanda. Kimaro naye kahamishwa, wilaya ya mbali huko magharibi, ambako treni yenyewe haifiki. Barua zao zimetoka siku moja. Alikuja kuniaga. Nilitafuta la kumweleza, mimi niliye na maelezo ya kila kitu, nikakosa. Nikamfungia mke wake karanga za safarini.

Nina hasira. Naandika tu hivyo, nina hasira.

Jumatatu, 23 Agosti

Nimepita Gerezani. Upepo wa kusi, ubaridi kidogo.

Bi. Mwanaidi yuko kwenye kizimba cha kona. Dagaa wamepangwa mafungu mafungu, gunia limekunjwa chini ya meza. Wanawake wamemzunguka, anapima, anafunga, anarudisha chenji, mdomo hautulii. Nilisimama mbele yake nikimtazama. Nilikuwa na mengi ya kusema, kuhusu Kimaro, kuhusu utani, kuhusu jinsi jambo lilivyokaribia kuharibika.

Aliniona. Akanipa shikamoo, ingawa hatupishani sana umri. Nikaitikia marahaba. Kisha akaniambia, kwa heshima, nisogee kidogo, nimewazibia wateja.

Nikasogea.