Mashine Inayofuta "Ĩĩ"

Jumapili, 1 Machi 2026

Kikao cha ukoo. Wazee wenzangu ukumbini Tawa, mimi huku Emali mbele ya kompyuta. Nimesema dakika kumi — hakuna aliyeitikia! Kwetu mtu akizungumza wenzake humsindikiza: ĩĩ, ĩĩ, taratibu, hadi amalize. Wasipoitikia wamekataa. Nikakatiza maneno, nikaaga.

Jioni Kiema, mwenyekiti wetu, akapiga simu. Mbona nimewasusia? Waliitikia hadi koo zikakauka!

Basi ni kivinjari. Kinadhani "ĩĩ" ni kelele, kinaifuta. Nilikuwa fundi simu Likoni kabla sisi watu wa bara hatujafukuzwa katika ghasia za mwaka wa 1997. Waya zetu zilikwaruza, lakini zilifikisha hata kikohozi.

Jumatatu, 2 Machi

Nimemweleza Ndinda, mjukuu wangu, anayeandika programu Kitui. Yumo katika kundi la watu wa nchi nyingi wanaotunga kanuni za mazungumzo ya moja kwa moja kwenye vivinjari. Kumbe kuna pendekezo kwamba ufutaji huo uwe kanuni kwa vivinjari vyote, ufanyike bila mtu kuulizwa. Vyote! Amenipatia nafasi ya kusema katika kikao chao cha mtandaoni kesho.

Jumanne, 3 Machi

Nimeeleza vizuri, nadhani. Kiingereza changu bado kimenyooka. Kisha mwenyekiti wao, bwana mpole, akauliza nani anapinga pendekezo. Nikanyamaza. Nikamkazia macho, midomo nimeifunga kabisa, kama mtu mzima anavyokataa. Akashukuru — eti wote tumekubaliana!

Ndinda akanipigia papo hapo. "Babu, ulikuwa mute?" Hapana, maikrofoni ilikuwa wazi. "Sasa mbona hukusema? Hao ukinyamaza umekubali!" Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Kuna mlango mmoja tu: pingamizi la maandishi, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Tena liwe na ushahidi wa kusikika.

Jumatano, 4 Machi

Ushahidi upo. Kasiva, katibu wa ukoo, alirekodi kikao cha Jumapili kwa kinasa sauti ukumbini, akanitumia. Kila "ĩĩ" imo. Rekodi ya kompyuta yangu ni kimya kitupu. Ukizisikiliza pamoja hata mtoto ataelewa.

Lakini Kiema hataki. Maneno ya ukoo hayapelekwi kwa wageni mpaka wazee wakubali pamoja, wakiwa wameketi. "Umekaa nje sana, Musyoka. Umesahau?" Imeniuma. Sijasahau, ndiyo maana napigana!

Ningeenda Tawa mwenyewe, ila goti limekataa. Watakutana Ijumaa saa tano, mimi kwa kompyuta tena, na Ndinda anasema ufutaji huo hauzimiki. Nikamwomba basi waitikie kwa sauti kubwa. "Tuitikie kama makanga wanaoita abiria?"

Alhamisi, 5 Machi

Pingamizi limeandikwa. Kurasa mbili. Ndinda ameambatanisha rekodi. Limebaki kutumwa tu.

Ijumaa, 6 Machi

Saa tano na nusu. Wamechelewa kuanza. Sala ndefu.

Saa tano na dakika arobaini na tano. Nimesema yote. Nimeuliza: mnaniruhusu?

Picha imeganda. Kiema ameinama, midomo imefungwa. Sauti hakuna. Nimempigia — simu imezimwa, kama inavyotakiwa kikaoni. Ya Kasiva pia.

Dakika ya hamsini na mbili. Kimya. Ningeuliza tena, lakini kumrudia mzee aliyekwisha kukataa ni kumtukana. Na kama wameitikia, kivinjari kikafuta?

Ndinda ananiandikia: Babu, tuma!

Dakika ya hamsini na sita. Nimeweka sikio kwenye spika. Kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma.