Kisahani Ndani ya Tenga la Dagaa

Jumapili, Sumbawanga

Mke wangu hakubaki Chala. Hilo naliandika kwanza, mengine yatafuata.

Tangu shirika liuzwe nami nipunguzwe kazi, nimekuwa nikigombana na redio, magazeti, soko huria, na mke wangu. Ijumaa alikubali twende wote Kirando na vile visahani vya plastiki vya kurusha, tulenge shabaha kila tutakaposimama, atakayeipata kwa mirusho michache ndiye mshindi. Ila tukirudi nimshushe Chala kwa dada yake. Hadi lini, hakusema. Niliogopa kuuliza.

Pale barabara inapoanza kuteremka na ziwa likaonekana lote, tulirusha kulenga miti. Nikabishia kila mrusho wake. Aliokota kisahani chake, akaingia garini.

Kirando, wanawake waliokuwa wakianika dagaa walituazima tenga tupu liwe shabaha. Kisahani chake kiligonga ukingo, kikatumbukia. Nikaanza: kwa mujibu wa kanuni, kisahani kikigonga...

"Wee baba!" mwenye tenga akanikatiza. "Kanuni gani? Tenga langu, mwamuzi mimi. Mama kashinda. Wewe njoo ugeuze dagaa!"

Nami, niliyewatoa jasho wakurugenzi vikaoni, nikainama nikageuza dagaa. Mke wangu, Mama Neema, alicheka mpaka akakaa mchangani. Nilikuwa nimeshasahau kicheko chake.

Tulipofika Chala wakati wa kurudi, alimkabidhi dada yake dagaa tuliowanunua, wakaagana, akarudi garini.

"Si ulisema unabaki?"

"Baba Neema, na hilo nalo unataka kubisha?"

Nikawasha gari upesi, kabla mdomo wangu haujaharibu.