Tarehe ya Tatu Haiguswi

Jumatatu, 3 Machi

Profesa wangu, ndivyo ninavyomwita binti yangu, kapewa laptop ya ofisini aje nayo nyumbani! Kampuni nzima ya lifti, wanaume kibao na tai zao, bosi kamchagua yeye. Nisijisifu kwa nini? Mimi niliyeishia darasa la saba, mgongo umepinda kwa cherehani — binti yangu ameketi sebuleni anaandika kwenye kioo cheusi. Hakuna picha, hakuna rangi, herufi nyeupe tu. Nikamuuliza inafanya nini hiyo. Akasema unaiamuru, inatii. Nikamwambia basi imekushinda wewe kwa adabu.

Hakucheka. Chai imepoa mbele yake.

Jumanne, 4 Machi

Leo kanifundisha! Nimemganda mpaka akachoka. Neno lenyewe ni touch, yaani gusa. Unaandika touch, unaweka jina, unabonyeza — faili limezaliwa. Tupu, ndani hamna kitu, lakini lipo. Ukiongeza -d na tarehe, basi faili la leo linasema ni la mwaka jana, la siku yoyote uitakayo! Akaniundia moja linaloitwa mama, akalipa tarehe niliyomzaa yeye. Machozi yakanitoka kama mjinga.

Nikamuuliza, kwa hiyo mashine haijui ukweli?  Akasema faili lina tarehe tatu, Mama. Mbili zinaguswa. Ya tatu mashine inajiandikia yenyewe, hiyo haiguswi hivi hivi. Nikauliza, nani anaiangalia? Anayejua pa kuangalia, akasema.

Akafunga laptop. Kwa nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Mtaani hakuna habari nyingine ila ile lifti iliyoanguka mwezi uliopita. Yule mama anayeuza chai maofisini alikuwa ndani, na birika lake. Maskini, hakufika hata hospitali. Lifti yenyewe inatunzwa na kampuni ya kina Profesa. Fundi wao yuko mahabusu — wanasema aliikagua Januari akaandika ni nzima. Mkewe anaapa mumewe hakutumwa kabisa, aliomba kwenda na bosi akamwambia asubiri.

Mteja wangu yule, mke wa fundi. Mpole sana. Kesho anakuja kupima sare yake ya kazi. Nilipomtajia Profesa akasema, Mama, usimwongeleshe sana. Mimi? Mdomo wangu una kufuli!



Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya nini mimi, jamani.

Nilikuwa na pini mdomoni na bado niliongea! Mke wa fundi amesimama, ninampunguzia kiuno, analia. Anasema ripoti za Januari zimeonekana kwenye kompyuta, na polisi wanamwambia kompyuta haidanganyi. Nilitaka kumliwaza, Mungu shahidi. Nikamwambia, shoga yangu, kompyuta kitu gani! Binti yangu anaibadilishia siku kama mimi ninavyokupunguzia hapa. Akasema, acha utani, dada.

Utani! Hapo kichwa kikanivimba. Profesa ametoka kwenda dukani, laptop iko wazi mezani. Nikaketi mwenyewe, kwa vidole hivi vilivyotobolewa na sindano. Touch. -d. Siku moja ya Januari. Nikaongeza ile ls -l aliyonionyesha, ya kuyaona mafaili yote na tarehe zake. Yakashuka.

Langu lilikuwepo, na Januari yake. Juu yake mengine. Ukaguzi wa lifti, ukaguzi wa lifti, na jina la mumewe mbele ya kila moja. Yote Januari. Yamejipanga na langu kama watoto wa tumbo moja.

Mke wa fundi akasogea. Alisoma akifuata kwa kidole, hakugusa kioo. Akasema, "Asante, dada." Akatoka na sare mwilini, pini zote zimo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Profesa. Hakunifokea. Heri angenifokea.

Kaketi sakafuni kama alipokuwa mdogo. Anasema bosi alimwambia ni tarehe tu, za kuweka mambo sawa, na asipotaka mlango uko wazi. Wakati huo fundi alikuwa bado hajakamatwa. "Mama, mimi niligusa tu."

Kugusa tu. Mtu analala sakafuni mahabusu.

Akasema anaweza kuyafuta yote, hakuna atakayejua. Nikamuuliza, na ile tarehe ya tatu? Akauficha uso kwenye gauni langu.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja.

Mke wa fundi, na pini zangu kwenye kikopo — kanirudishia zote! Na mwanamume mwenye begi, sauti ya upole, ati mpelelezi wa mambo ya kompyuta. Kanipa mkono. "Hongera, Mama. Tumesikia una binti hodari."

Maisha yangu yote nimesubiri mtu wa ofisi aniambie hivyo.

Akauliza, yupo? Nikasema karibuni kwanza, nawawekea chai.  Mke wa fundi alikuwa anaitazama cherehani.

Naandika nimesimama, hapa jikoni. Chumbani Profesa anabonyeza, haraka haraka. Kimya. Anabonyeza tena. Kama anafuta au kama anaandika ukweli, sijui — mlio ni ule ule! Nikimwita, atatoka. Nikisema hayupo, wataamini labda, wanywe waende, na yule fundi abaki huko huko.

Maji yamechemka. Nimefungua kabati.

Vikombe vitatu, au vinne?