Mashine Iliyokataa Sauti ya Mama

Lubumbashi, Katuba,
mvua za kwanza

Mama yangu mupenzi,

Ninapiga magoti hapa juu ya simenti ya Katuba, uso nimeugeuza upande wa Kilwa, kwetu kando ya ziwa, ndipo ninaanza kuwasalimia. Muko namna gani? Mugongo unawaacha mulale? Na wewe Kapya, mudogo wangu, ukimusomea mama barua hii soma polepole na usiruke mahali, hata pale nitakapokutaja.

Sisi tunapumua. Kalumba amepona kikohozi. Anasema maneno mengi sasa, na kila lori likipita barabarani anauliza kama ni la nkambo wake, ndiyo kusema ninyi, mama. Ninamwambia hapana, lori la kwa nkambo linanuka samaki. Basi ananusa.

Mama, sauti yenu imenifikia. Ile muliyoiweka ndani ya kaseti, ya kuniambia nirudi nyumbani na mutoto. Ninajua munangoja jibu, na jibu liko humu. Lakini mukubali kwanza niwaeleze namna nilivyoisikia, maana ilikaa kwangu muda wote huu na mimi sikujua kama iko.

Munakumbuka namna bakwe zangu balivyosafisha nyumba matanga ya bwana yangu, Baba Kalumba, yalipokwisha. Balibeba kitanda, friji, viti, redio, televizyon, hata pazia za dirisha. Kilichobakia ni ordinateur tu, kompyuta ndogo, ile mashine ya vidole ambayo muzungu mumoja wa kampuni ya shaba alimwachia bwana yangu alipokuwa anarudi kwao. Shemeji Ilunga aliichukua, akaigeuza chini juu.

"Hii ni nini? Mashine ya kuandika bila karatasi?"

"Ni ya marehemu," nikasema.

"Sasa inaandika wapi? Mu hewa?" Bakacheka bote. "Bakia nayo, Mama Kalumba. Kesho usiseme hatukukuachia kitu."

Basi nilitoka katika nyumba ya kampuni mutoto kwa mukono, na mashine mugongoni, nimeifunga na kitenge. Bantu balifikiri ni mutoto wa pili.

Sasa sikieni. Kuna biro moja, ofisi ya malori mujini, ambayo imeleta mashine za namna hii, kubwa kuliko yangu, na banatafuta mwanamuke wa kuziandikia. Nilienda kuuliza. Mukubwa wa biro, mwanamuke wa miwani, aliniambia: "Citoyenne, tutawajaribu. Yule ambaye anaandika bila kutazama vidole, huyo tunamuchukua." Nikajua palepale kwamba hapo ndipo maisha yangu yamekaa. Nikipita, nitalipa nyumba na Kalumba ataanza masomo hapa. Nisipopita, nitapanda lori la samaki, kwa sababu Mama Ngoie, mwenye nyumba yangu, ni muntu muzuri, lakini nyumba yake si kanisa.

Sikuogopa, maana nilikuwa na kaseti. Mashine hii haina kichwa chake yenyewe wala kioo, mama; maandishi yake yanatokea ndani ya televizyon. Inasoma kazi ndani ya kaseti, sawa na zile za muziki, kupitia kisanduku kidogo cha pembeni. Baba Kalumba alikuwa na moja ya somo la vidole. Herufi zinaanguka toka juu ya televizyon kama mvua, na wewe unazipiga mbele hazijafika chini. Yeye alikuwa ananishinda kila mara na kunichokoza, "Mama Kalumba, umelowa!" Nikasema, somo ninalo, vidole ninavyo. Mama Ngoie akaniazima televizyon yake ya zamani, ila iwe imerudi kwake mbele ya habari za jioni.

Nikaweka kaseti. Nikangoja. Mashine ikaandika: Erreur, ndiyo kusema kosa.

Nikarudisha nyuma, nikaanza tena. Erreur.

Nikafikiri ni kura, ule umeme. Jirani yetu iko na kinu cha kusagia mahindi, na kikianza kuzunguka, picha ya televizyon inajikunja kama muntu anayeumwa tumbo. Nikangoja basage bamalize, baende kula. Erreur. Nikafikiri ni joto, maana ile boksi ya kura inachemka kama sufuria. Nikaiweka juu ya matofali karibu na mulango ipate upepo. Erreur. Nikakumbuka bwana yangu alikuwa anapangusa kichwa cha kusomea kwa pamba na alikoli. Alikoli sina, nikatumia manukato yangu kidogo yaliyobakia. Kisanduku kikanuka harusi, mashine ikasema Erreur. Mwisho nikachukua kisu chembamba nikageuza ile skurubu ndogo iliyo juu ya kichwa, kushoto kidogo, kulia kidogo, na kila mara ninangoja mashine isome hata nusu, na kila mara neno lile lile.

Hapo nililia, mama. Si kwa sababu ya mashine. Wakati wa bwana yangu mashine hii ilikuwa inakataa vilevile, na yeye alikuwa anaizima na kusema, "Acha, nitaona kesho." Nikakaa pale nikaona kwamba hakuna tena muntu wa kuniambia nitaona kesho. Hata maneno ya kuchoka pamoja na muntu yaliondoka. Kalumba akanitazama, akaipiga mashine kofi.

Nikaenda, mutoto mugongoni na kaseti mukononi, mpaka kwa Papa Salumu, fundi wa redio karibu na soko, muzee wa watu wa Maniema. Kisanduku changu hakina mudomo. Kinasoma kimya, chenyewe na mashine yake. Papa Salumu akasema, "Tuisikie kwanza. Mugonjwa hatibiwi bila kukohoa." Akaiweka ndani ya redio kubwa. Pale kulikuwa na bantu bamekaa banangojea vitu vyao.

Tulitazamia makelele ya mashine, yale ya kama panya wanagombana. Badala yake ikatoka sauti kubwa, soko nzima ikasikia:

"Allô! Allô! Kapya, kinaenda?"

"Kinaenda, mama, semeni!"

"Chola, mwanangu, ni miye mama yako. Rudi nyumbani."

Mama yangu! Bantu bakaanza kucheka, na kijana mumoja mwenye kofia akasema, "Eh, mama, ordinateur yako iko na nkambo ndani!"

"Nyamaza wewe," Papa Salumu akamukemea. "Sauti ya muzazi unaifanya nyimbo?" Na ninyi mukaendelea kusema mupaka mwisho, na mimi nikasikiliza nimesimama, mutoto anauliza, "Nkambo iko wapi? Nkambo iko wapi?"

Ndipo nilielewa. Kapya, sikukasirika, usiinamishe kichwa. Nilipokuja Kilwa kupumuzika matanga yalipokwisha, nilikuja na kaseti zangu zote ndani ya kikapu kimoja cha plastiki, na ile ya somo iliingia humo. Mulipotafuta ya kutumia mulisikia nyimbo, nyimbo, nyimbo, kisha moja ya makelele. Mukasema, tusimuharibie muziki wake, hii imekwisha kufa, tuweke sauti ya mama humu. Mulichagua kwa adabu. Makelele yale ndiyo yalikuwa somo lenyewe.

Na ninyi mama, ninajua kwa nini hamukuniambia kwa mudomo. Bakubwa ba upande wa marehemu balikuwa bado banakuja kutusalimia, na mama wa mujane hamuvuti mutoto wake mbele ya macho yao. Bangesema munafurahia kifo. Kwa hiyo mukasema ndani ya kaseti na kuiingiza kimya katika kikapu changu, niikute mwenyewe. Mimi nikairudisha kwa mashine, na mashine haijui mama wa muntu.

Nilimuuliza Papa Salumu kama somo linaweza kurudi chini ya sauti. "Hapana, mwanangu. Ni kama ukuta. Ukipaka rangi nyingine, ile ya kwanza imekwenda." Akaniazima redio moja ambayo mwenyewe alikwenda Kolwezi na hajarudi kuichukua. Nafikiri alinihurumia, lakini alisema ni kuizuia isilale bila kazi.

Nikarudi nyumbani nikawasikiliza tena, peke yangu. Kisha nikawasha mashine, bila kaseti. Hata bila somo inapokea herufi, inaziandika tu, haielewi. Nikafunika vidole vyangu kwa kitambaa. Nikawasha redio. Ninyi munasema, mimi ninaandika. "Chola, mwanangu." Ninaandika. "Rudi nyumbani, hapa kuna mihogo, kuna samaki, hakuna atakayekuuliza umekula nini." Ninaandika. Na kila nikimaliza mustari, mashine inajibu chini yake: Erreur. Munasema rudi, ninaandika rudi, inasema Erreur. Siku ya kwanza iliniumiza. Baadaye nikacheka. Baadaye sikuiona tena, nikaendelea na mustari unaofuata. Mama, munasema mbio! Mukianza kueleza habari za mihogo hamuvuti pumzi.

Siku ya kujaribiwa tulikuwa wanawake wengi, baliovaa vizuri kunipita. Mukubwa wa biro akasoma kwa Kifaransa na sisi tukaandika. Mara mashine yangu ikasimama, ikaandika neno lake. Yule wa kando yangu, yake pia ilisimama, akaruka toka kitini na mikono juu, "Si mimi! Sikugusa kitu!" Bengine nao bakaondoa mikono, kama muntu aliyegusa moto. Mimi nilikwisha kuendelea na mustari unaofuata. Nilijua tu muntu alikuwa anasema na sharti nimufuate. Mukubwa wa biro alikuja akasimama nyuma yangu. "Citoyenne, wewe huogopi neno hili?" Nikasema, "Madame, tunaishi nyumba moja."

Bamenichukua. Ninaanza juma linalokuja. Mama Ngoie atakaa na Kalumba.

Basi jibu langu ndilo hilo, mama, na ninaliandika bila kuzunguka: sitarudi. Si kwa kuwa sikusikia. Nimesikia kuliko mutoto yeyote aliyewahi kuitwa na mama yake; vidole vyangu vinaandika neno rudi bila kutazama. Jioni televizyon ikirudi kwa mwenyewe na mutoto akilala, nyumba hii inakuwa kubwa na ni chumba kimoja. Sitawaficha hilo. Lakini hapa ndipo nitamulea Kalumba, na ninawaomba musimutume baba mudogo kuja kunichukua. Akija kututembelea, aje, tutampikia.

Munisalimie yeye baba mudogo na bibi yake. Shangazi anayeimbisha kanisani. Na kaka yangu mukubwa kule Mitwaba, mukipata muntu wa kwenda. Shofele aliyewaletea barua hii mumupe chakula, alikubali bila kusumbua.

Na neno la mwisho. Ninawatumia kaseti nyingine, mupya, haina kitu ndani, hata makelele. Kapya, muweke mama mbele ya redio. Mama, mara hii musiniite. Muniambie tu mumepika nini.

Mutoto wenu,
Chola, Mama Kalumba